Majina Yasiyoeleweka Kwenye Task Manager: Lipi ni la Windows, Lipi ni la Mwizi?

Ndugu Mshauri, assalaam alaykum.

Nina steshenari ndogo hapa Ngamiani, Tanga. Nachapa barua, natoa kopi, naskani vyeti na kuwasaidia vijana kujaza maombi ya vyuo na ya mikopo ya elimu ya juu mtandaoni. Kompyuta ninayoitegemea ni ya mezani, ina Windows 10 na RAM ya GB 8, na niliinunua ikiwa imeshatumika. Tangu Ramadhani ilipoisha imekuwa nzito. Nikiiacha bila kuigusa, feni huvuma kama ina kazi kubwa. Nikirudi na kufungua Task Manager, lile dirisha la Windows linaloorodhesha kila programu inayoendelea, nione kuna nini, feni hutulia na sioni kitu chochote kinachokula nguvu.

Jambo la pili ni wateja. Mwalimu mmoja aliniletea flashi yenye mitihani ya muhula, nikamchapia bila shida, lakini alipofika shuleni kwake Pongwe alikuta kila folda imegeuka kuwa alama yenye mshale mdogo pembeni. Ananilaumu mimi, na si yeye peke yake.

Nilimwita kijana mmoja, fundi wa kompyuta. Alifungua Task Manager, akanionyesha mistari mingi iliyoandikwa svchost, akasema hivyo vyote ni virusi vilivyozaliana. Akaanza kuifunga mmoja baada ya mwingine, na kabla hajafika mbali skrini ikawa ya buluu, kompyuta ikajiwasha upya, na mistari yote ikarudi palepale. Sasa anataka apige Windows upya na kufuta kila kitu kilichomo. Nasita, kwa sababu mna kazi za watu ambazo sina nakala zake.

Nimenakili majina yaliyonitia shaka: svchost, csrss (limeonekana mara mbili), lsass, RuntimeBroker, MsMpEng, wscript na scvhost. Antivairasi iliyokuja na Windows inasema hakuna tatizo. Niongeze pia kwamba miezi kadhaa iliyopita fundi mwingine aliniwekea Office ya bure kutoka kwenye flashi yake, na alizima ulinzi kwa muda ili iweze kuingia.

Naomba unieleze yapi ni ya kompyuta yenyewe na yapi ni ya kuondolewa, na siku nyingine nitajuaje bila kumngojea mtu.

Mama wa Steshenari,
Ngamiani, Tanga.

JIBU

Dada yangu, waalaykum salaam.

Nimeisoma orodha yako kwa makini, na nianze na jibu lenyewe. Kati ya majina saba uliyonakili, matano ni ya Windows na hayafai kuguswa. Moja ni la programu halali ambayo, kwa dalili ulizozieleza, yaelekea inatumikishwa na virusi. Na moja limeghushiwa. Fundi wako alihisi kuwa kompyuta inaumwa na hapo hakukosea, lakini aliwakamata wasio na hatia na kuwaacha wahusika wawili wakiendelea na kazi yao.

Kompyuta yenye Windows, hata kama hujafungua programu yoyote, huwa na michakato mingi, yaani programu ndogondogo, inayoendelea chinichini, na si ajabu ukahesabu zaidi ya mia moja. Mmoja unashughulikia sauti, mwingine mtandao, mwingine unatafuta masasisho. Ule uitwao spoolsv ndio unaopanga foleni ya kazi zinazokwenda kwenye printa yako: ukiufunga, printa itanyamaza huku mteja amesimama mezani na hela mkononi. Kwa hiyo wingi wa mistari peke yake si dalili ya ugonjwa, na mtu anayekuambia una virusi kwa sababu tu mistari ni mingi hajaanza kuchunguza.

Hilo linaihusu svchost kuliko jina lingine lolote. Huduma nyingi za Windows zimeandikwa katika faili ambazo haziwezi kujiendesha zenyewe, zinahitaji programu ya kuzibeba, na programu hiyo ndiyo svchost. Zamani svchost moja ilikuwa inabeba huduma nyingi kwa pamoja, na moja ikikwama zilianguka zote. Kuanzia toleo la Windows 10 lililotoka mwaka 2017, kompyuta yenye RAM inayozidi GB 3.5 huipa karibu kila huduma svchost yake, ili moja ikiharibika zisianguke nyingine. Yako ina GB 8, kwa hiyo mistari mingi ya svchost ndiyo hali inayotakiwa. Ile skrini ya buluu ilikuja kwa sababu baadhi ya svchost zinabeba huduma ambazo Windows haiwezi kuishi bila hizo, na ikizikosa hujizima mara moja ili isiharibu zaidi.

Sasa tuje kwenye lile ninalotaka ulishike kuliko yote. Jina la mchakato halithibitishi chochote, kwa sababu mtu yeyote anayeandika programu anaweza kuipa jina analolipenda, likiwemo svchost lenyewe. Hapo kwenu Ngamiani kina Mwanaidi ni wengi, na anayemtafuta mmoja wao ataulizwa ni Mwanaidi wa barabara ya ngapi, na wa nyumba ya nani. Michakato nayo iulize hivyohivyo: faili yake inakaa wapi, nani ameitia sahihi, nani ameianzisha, na imeambiwa ifanye nini.

Makazi yake utayaona kwa kubofya mstari wake kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua "Open file location". Svchost ya kweli inakaa katika C:\Windows\System32. Wakati mwingine utaiona ikitokea C:\Windows\SysWOW64, folda ambayo Windows ya biti 64 huwekea programu za biti 32, na hiyo pia ni sawa. Ukiikuta svchost ndani ya folda kama AppData, Temp au Downloads, au kwenye flashi, hiyo si ya Windows hata kama herufi za jina lake zote ziko sawa. Csrss na lsass nazo ni za System32. Kuiona csrss mara mbili si tatizo, kwa kuwa moja ni ya huduma za mfumo na nyingine ni yako wewe uliyeingia. Lsass, inayoshughulikia nywila na ruhusa za kuingia, huwa moja tu, kwa hiyo siku ukiziona mbili una haki ya kushtuka.

Lakini usiigeuze System32 kuwa kipimo pekee. Faili ya explorer, inayokuonyesha folda zako na ule ukanda wa chini ya skrini, inakaa moja kwa moja ndani ya C:\Windows. MsMpEng uliyoiandika ndiyo antivairasi ya Microsoft yenyewe, na makazi yake ni C:\ProgramData\Microsoft\Windows Defender; inapokagua faili hula nguvu nyingi ya prosesa kwa muda, na watu wengi huiua wakidhani ndiyo virusi. RuntimeBroker nayo, iliyoanza na Windows 8, kazi yake ni kusimamia ruhusa za programu za duka la Microsoft, kama vile ruhusa ya kutumia kamera au maikrofoni. Hizo ziache.

Woga wa majina una historia ndefu. Mwaka 2002 barua pepe ilizunguka duniani ikiwaambia watu kwamba faili iitwayo jdbgmgr.exe, yenye picha ya dubu mdogo, ni virusi, na kwamba waifute na kuwaonya jamaa zao wote. Faili ile ilikuwa ya Microsoft na haikuwa na ubaya wowote. Waliotii walifuta faili halali kwa mikono yao wenyewe, hakukuwa na haja ya virusi.

Turudi kwenye scvhost. Iangalie tena herufi kwa herufi: ya Windows ni s-v-c, hii yako ni s-c-v. Windows haina faili yenye jina hilo, na hila ya kugeuza herufi mbili imetumiwa na waandishi wa virusi kwa miaka mingi, kwa sababu jicho linasoma neno zima, halisomi herufi. Fungua makazi yake uyaone. Kisha bofya faili hiyo kwa kitufe cha kulia, uende "Properties", utafute ukurasa wa "Digital Signatures". Hapo ndipo kampuni huweka sahihi ya kidijitali, na sahihi hiyo ikiwa halali inaonyesha kwamba faili imetoka kwao na haijachezewa njiani. Ila uwe mwangalifu, maana baadhi ya faili halali za Windows hazina ukurasa huo; sahihi zake zimetunzwa katika daftari la pembeni ndani ya mfumo, hivyo kuukosa ukurasa huo si hukumu. Hukumu hutoka pale dalili zinapokusanyika: jina lililopindwa, makazi yasiyo yake, na sahihi isiyokuwepo.

Kuna chombo kinachokusanya majibu hayo yote mahali pamoja, nacho ni Process Explorer, kilichoandikwa na Mark Russinovich wa Sysinternals, kampuni ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2006. Ni cha bure, kinapatikana kwenye tovuti ya Microsoft, na hakili bando kwa sababu ni megabaiti chache tu. Kinapanga michakato kama ukoo, mzazi juu na watoto chini yake, nawe utaona kwamba svchost za kweli zote zimezaliwa na services, mchakato wa Windows unaoanzisha huduma zake. Kwenye menyu yake ya "Options" kuna sehemu ya kukagua sahihi, ikiwemo zile zilizotunzwa kwenye daftari nililolitaja.

Wscript ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi, na ndiyo inayowapotosha hata mafundi wazuri. Ukiuliza makazi, utaambiwa System32; ukiuliza sahihi, ni ya Microsoft. Mwenyewe ni halali kabisa. Kazi yake, hata hivyo, ni kutekeleza maandishi ya amri yaliyoandikwa na mtu mwingine, na yeyote akiipa amri mbaya itazitekeleza. Kwa hiyo hapa swali ni lile la nne, imeambiwa ifanye nini. Nenda kwenye Task Manager, ukurasa wa "Details", bofya vichwa vya safu kwa kitufe cha kulia, chagua "Select columns", kisha uweke alama kwenye "Command line". Mbele ya wscript utasoma anwani ya faili ambayo wscript inaitekeleza, na ikiwa inaishia na .vbs au .js na inakaa ndani ya AppData au Temp, basi umempata aliyeharibu flashi ya mwalimu.

Virusi vya aina hiyo hufanya kazi hivi. Flashi ikichomekwa, vinazificha folda zote halisi, vinajinakili humo, na mahali pa kila folda vinaweka njia ya mkato, ile alama yenye mshale, yenye jina lilelile. Mtu akiibofya, mambo mawili hutokea kwa pamoja: virusi vinaingia kwenye kompyuta yake, na folda halisi inafunguka, hivyo haoni sababu ya kushtuka. Ndiyo maana huenda alama zile zilishaenea kwa wateja wengine kabla ya mwalimu huyo kuja kukulalamikia. Mitihani yake haijapotea, imefichwa tu, basi mwambie asikubali mtu ai-format flashi ile.

Kuhusu feni, nakuomba usiharakishe kuhukumu. Windows ina matengenezo yake ambayo hupenda kuyafanya wakati hakuna anayegusa kompyuta, na mtu akirudi kwenye kibodi huyasimamisha. Lakini kuna programu hasidi za kuchimba sarafu za kidijitali, zinazotumia prosesa yako na umeme wako kumtajirisha mtu usiyemjua, na baadhi yake zimeandikwa zijifiche mara tu Task Manager inapofunguliwa. Zitofautishe hivi: fungua Task Manager, ishushe chini bila kuifunga, kisha uondoke uendelee na kazi zako nyingine. Feni ikianza kuvuma ingawa Task Manager iko wazi, rudi uangalie ni mchakato gani ulio juu, na pengine utakuta ni masasisho au ukaguzi wa antivairasi. Lakini ikiwa feni hukaa kimya muda wote Task Manager inapokuwa wazi, na huvuma kila unapoifunga na kuondoka, basi kuna kitu kinachokukimbia. Matengenezo halali hayana sababu ya kuiogopa Task Manager. Kwa jinsi ulivyoeleza, na kwa kuwa scvhost iko kwenye orodha, naelekea kuamini kuwa ni programu ya kuchimba sarafu.

Umeniambia antivairasi haioni tatizo. Sababu, nadhani, ni ile Office ya bure. Programu nyingi za kuvunjia leseni, zikishaingia, huiagiza antivairasi isikague folda fulani, na agizo hilo hubaki hata baada ya ulinzi kuwashwa tena. Fungua "Windows Security", ingia "Virus & threat protection", kisha kwenye mipangilio yake tafuta "Exclusions". Chochote ambacho hukukiweka wewe, kiondoe. Pengine umeishi miezi yote hiyo na mlinzi aliyekatazwa kuingia chumba kimoja, na wezi wanalala humohumo.

Usafi wenyewe ufuate mpangilio, kwa sababu ukianza na flashi zitachafuka tena dakika hiyohiyo. Chomoa flashi zote. Ondoa hizo "Exclusions", sasisha antivairasi, pakua Process Explorer pamoja na ndugu yake Autoruns, ndipo ukate intaneti. Funga wscript na scvhost kwa "End task". Kwa kawaida hizi mbili hazileti skrini ya buluu. Kisha fungua Autoruns, inayoonyesha kila kinachojiwasha pamoja na Windows, uiambie ifiche vya Microsoft, na katika vinavyobaki utafute vile vinavyoelekea kwenye anwani ulizoziona. Usifute mara moja, toa alama tu, ili ukikosea uweze kuirudisha. Halafu endesha ukaguzi uitwao Microsoft Defender Offline, unaowasha kompyuta upya na kuikagua kabla Windows haijaamka, wakati virusi bado havijapata nafasi ya kujificha. Huchukua takriban dakika 15, na kazi ambazo hujazihifadhi zihifadhi kwanza.

Hapo sasa ndipo uanze na flashi. Usibofye alama zile kabisa. Chomeka flashi, angalia imepewa herufi gani, tuseme E, fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kisha ubonyeze Enter, na folda halisi zitajitokeza. Futa njia za mkato pamoja na faili yoyote ya .vbs au .js utakayoikuta, kisha uikague flashi nzima. Kuanzia sasa kila flashi ya mteja ikaguliwe kabla haijafunguliwa, hata kama amekuja mbio anataka ukurasa mmoja. Na kompyuta ya shule aliyoichomekea mwalimu nayo ikaguliwe, wakianza na kuitafuta wscript kwenye orodha yake.

Faili ukiitilia shaka na huna uhakika, unaweza kuipeleka VirusTotal, tovuti iliyoanzishwa Hispania mwaka 2004 na kununuliwa na Google mwaka 2012, ambayo huipitisha kwenye antivairasi za kampuni nyingi kwa mpigo. Ipeleke programu tu. Usiipelekee hata siku moja cheti au fomu ya mteja, kwa sababu kinachowekwa humo huweza kuonwa na watafiti na wateja wengine wa tovuti hiyo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde.

Je, Windows ipigwe upya? Kwa maoni yangu ndiyo, ingawa si kwa sababu aliyoitoa kijana yule, wala si leo. Baadhi ya programu hasidi hujiingiza ndani ya mchakato halali na kuishi humo, na maswali yangu yote manne yanaweza kujibiwa vizuri huku mwizi bado yumo. Kompyuta iliyokaa miezi na ulinzi uliotobolewa siwezi kukuambia kwa dhamiri safi kwamba imepona kabisa, hasa wewe unayeandikia humo siri za watu. Kwanza isafishe kama nilivyoeleza, kisha hamisha kazi za wateja kwenye diski ya nje, nyaraka na picha tu bila programu hata moja. Ndipo ipigwe Windows kutoka kwenye nakala iliyopakuliwa kwa Microsoft wenyewe, na Office ya flashi isirudi. LibreOffice ni ya bure kihalali na inafungua faili za Word bila kumwomba mtu azime ulinzi. Muulize fundi pia kama mashine hiyo inaweza kubeba Windows 11, kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Wakati hayo yote hayajakamilika, usiandike nywila yoyote kwenye kompyuta hiyo. Nywila za barua pepe yako na za benki zibadilishe leo kwa kutumia simu. Vijana uliowajazia maombi ya vyuo na mikopo wapigie mmoja mmoja, uwaeleze kilichotokea bila kuficha, nao wabadilishe zao kwenye simu zao wenyewe, wakianza na ya barua pepe, kwa kuwa hiyo ndiyo inayotumika kufungulia akaunti nyingine zote.